Kura, Viti na Maneno: Uchaguzi wa Juni 1961 katika Unguja na Pemba

1. Utangulizi

Tarehe 1 Juni 1961 watu wa Unguja na Pemba walikwenda vituoni kuwachagua wajumbe 23 wa Baraza la Kutunga Sheria. Siku hiyo haijakwisha, mapigano yalikuwa yamekwisha kuzuka mjini Unguja, na katika siku zilizofuata yalienea mashamba yakageuka mauaji. Hesabu ya serikali ilitaja watu 68 waliokufa na 381 waliojeruhiwa. Karibu wote katika hao 68 walikuwa Waarabu, na wengi wao walikuwa Wamanga, yaani wahamiaji wa kutoka Omani waliokuwa wakiendesha viduka vidogo vidogo vijijini na ambao utajiri wao haukuzidi sana ule wa majirani zao. Waliotiwa mbaroni walipita elfu moja. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali iliyotokana na mfumo ule ule wa uchaguzi ilipinduliwa kwa silaha.

Wanahistoria wameyaandika mengi juu ya Mapinduzi ya 1964, na aghalabu Juni 1961 hupewa aya moja au mbili tu, kama kwamba ni mlango wa kupitia kwenda kwenye jambo kubwa zaidi. Makala haya yanashikilia kuwa Juni 1961 yastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu mbili. Kwanza, ndipo ilipodhihirika wazi kwamba katika visiwa hivi kushinda kura na kushinda viti ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba hapakuwa na lugha ya kisiasa iliyokubaliwa na pande zote ya kueleza tofauti hiyo. Pili, maneno yaliyotumika katika miaka ile, baadhi yake maneno ya kale yaliyopewa mizigo mipya, ni ushahidi wa kihistoria ambao sisi tunaoshughulika na lugha tunao wajibu wa kuusoma. Mwanahistoria aweza kuzihesabu kura. Lakini kueleza kwa nini mtu amwone jirani yake wa miaka thelathini kuwa ni mgeni asiye na haki ya kusimama katika mstari wa wapiga kura, hapana budi amwite mwanalugha.

2. Majina ya watu kabla ya siasa

Ni desturi ya waandishi wengi, hasa wa magazeti ya nje, kuyaeleza machafuko ya Zanzibar kuwa ni uhasama wa kale baina ya Waarabu na Waafrika. Maelezo hayo ni mepesi mno. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 264,000 katika visiwa vyote viwili. Kiasi cha mmoja katika kila sita aliandikwa kuwa Mwarabu. Wahindi walikuwa wachache zaidi. Na waliosalia waliandikwa kwa majina mbalimbali ya Kiafrika, kubwa miongoni mwayo likiwa Shirazi, ambalo nalo linawakusanya Wahadimu, Watumbatu na Wapemba. Juu ya hao walikuwako watu wa asili ya bara, baadhi yao wajukuu wa waliokuwa watumwa, na baadhi yao vibarua waliokuja kwa hiari yao kuchuma karafuu au kufanya kazi za mjini na bandarini.

Jambo la kuzingatiwa zaidi na wasomaji wa jarida kama hili ni hatima ya jina Mswahili. Katika sensa ya 1924 watu zaidi ya 30,000 walikubali kuandikwa kwa jina hilo. Kufika 1931 walikuwa wamebaki wapatao 2,000 tu, na katika 1948 jina lilikuwa karibu kutoweka kabisa katika daftari. Watu hawakuhama wala hawakufa, walibadili jina. Wengi walijiandikisha kuwa Washirazi, kwa kuwa jina Mswahili lilikuwa limenukia utumwa, na kwa kuwa katika dola ya Sultani chini ya himaya ya Mwingereza jina la kabila halikuwa jambo la fahari tu. Lilikuwa na manufaa yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata kabila, na waliohesabiwa kuwa watu wa asili ya Asia waliangaliwa kwa jicho jingine katika mgao wa mchele.

Basi twaona hali ya ajabu: watu wote wa visiwa hivi walikuwa wakisema Kiswahili majumbani, misikitini na sokoni, nao wakakisema kwa ufasaha uliofanywa kuwa kipimo cha Kiswahili Sanifu kote Afrika Mashariki, na papo hapo hapakuwa na mtu aliyetaka kuitwa Mswahili. Lugha ilikuwa moja, lakini haikuweza kuwapa wenyewe jina moja. Nafasi hiyo tupu ndiyo vyama vya siasa vilivyokuja kuijaza.

3. Zama za siasa

Wazee wa Unguja huiita miaka baina ya 1957 na 1964 zama za siasa. Neno lenyewe lina historia yake. Siasa, lililotokana na Kiarabu, katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya upole, utaratibu na busara katika kuamiliana na watu. Kwenda kwa siasa ilikuwa ni kwenda taratibu, bila ya pupa. Kamusi za zamani zimeihifadhi maana hiyo. Katika muda wa miaka michache neno likageuka kuwa jina la kinyume chake: kelele za mikutano, kususiana, na ndugu kutozikana. Ni nadra kuona neno likipindukia upande wa pili kwa kasi namna hii.

Chama cha kwanza kujipanga kilikuwa Zanzibar Nationalist Party, kilichojulikana zaidi kwa jina la Hizbu, neno la Kiarabu lenye maana ya chama. Kiliundwa mwishoni mwa 1955. Asili yake ilikuwa chama cha wakulima raia wa Sultani, kisha wakaingia ndani yake wasomi wa mjini, mashuhuri kati yao akiwa Ali Muhsin Barwani, mhariri wa gazeti la Mwongozi. Hizbu walihubiri uzalendo usioangalia kabila: kila raia wa Sultani ni Mzanzibari, na Mwingereza aondoke upesi. Februari 1957 African Association na Shirazi Association viliungana kwa shida kuunda Afro-Shirazi Union, baadaye Afro-Shirazi Party, kwa kifupi ASP, chini ya Abeid Amani Karume, aliyekuwa baharia. Hawa walisema kuwa uhuru utakaokuja kabla Waafrika hawajajiweka tayari utakuwa ni uhuru wa Waarabu peke yao.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957 kwa viti 6 tu. Walioruhusiwa kupiga kura walikuwa wanaume waliotimiza masharti ya umri, ya mali au elimu, na ya uraia. Hizbu hawakupata hata kiti kimoja, na Ali Muhsin mwenyewe alishindwa na Karume katika jimbo la Ng'ambo. Matokeo hayo yaliwashtua wenye mashamba. Katika mwaka uliofuata baadhi yao waliwafukuza wakulima waliokuwa wakikaa na kulima mihogo na ndizi chini ya mikarafuu yao, ikiwa wakulima hao ni wafuasi wa Afro-Shirazi. Mila ya zamani ilikuwa kwamba mkulima hupewa mahali pa kulima naye hupalilia shamba la mwenyewe. Hapakuwa na mkataba wala kodi, palikuwa na kusikilizana tu. Siasa ilipoingia, kusikilizana kukatoka. Kwa upande wao, wafuasi wa Afro-Shirazi waliyasusia maduka ya Wamanga na kufungua maduka yao ya ushirika. Hivyo ugomvi uliokuwa wa majukwaani ukafika jikoni na kondeni, mahali ambapo maskini wa upande mmoja hukutana na maskini wa upande mwingine.

Desemba 1959 Afro-Shirazi ikapasuka. Baadhi ya viongozi wa Kishirazi, wakiongozwa na Muhammad Shamte wa Pemba, walitoka na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party, yaani ZPPP. Kuanzia hapo hesabu ya siasa ya visiwa ikawa ya vyama vitatu, na chama kidogo kuliko vyote ndicho kikawa na ufunguo wa serikali.

4. Chaguzi mbili za mwaka mmoja

Mwaka 1960 Sir Hilary Blood, aliyetumwa na Uingereza kuitazama katiba, alipendekeza majimbo 21 ya uchaguzi. Baada ya majadiliano liliongezwa jimbo moja yakawa 22. Idadi hiyo iligawika sawasawa kwa mbili, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango.

Uchaguzi wa Januari 1961, ambao wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza, ulitoa viti 10 kwa ASP, 9 kwa Hizbu na 3 kwa ZPPP. Jimbo la Chake Chake, huko Pemba, ASP walilipata kwa kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP hawakubaki pamoja: wawili walikwenda upande wa Hizbu na mmoja upande wa ASP. Kila upande ukawa na viti 11. Hapakuwa na aliyeweza kuunda serikali. Ikawekwa serikali ya muda, likaongezwa jimbo la 23 huko Pemba, na watu wakaambiwa watapiga kura tena mwezi wa Juni.

Yafaa tuitafakari miezi hiyo mitano baina ya chaguzi mbili. Kila mtu alikwisha kuona kwamba kura moja ya Chake Chake ilikaribia kuamua nani atatawala nchi. Kutokana na hilo kila jina katika daftari la wapiga kura likawa na thamani ya dhahabu, na kila mtu asiyefahamika kijijini akawa anatuhumiwa kuwa ameletwa kuiba kura. Hizbu walidai kuwa watu wa bara wameandikishwa kinyume cha sheria. ASP walidai kuwa Hizbu wanawapigisha kura watu mara mbili mbili. Hizbu na ZPPP walifanya mapatano ya kutoshindana majimboni. Wafuasi wa pande zote mbili walikwenda katika uchaguzi wa Juni wakiwa wameamini kabla ya kura ya kwanza kutumbukizwa kuwa, wakishindwa, ni kwa sababu wameibiwa.

Matokeo ya Juni yalikuwa haya: ASP viti 10, Hizbu viti 10, ZPPP viti 3. Safari hii wajumbe wote watatu wa ZPPP walisimama pamoja na Hizbu, na Shamte akawa Waziri Kiongozi wa serikali yenye viti 13 dhidi ya 10. Lakini tukizitazama kura zenyewe, sura ni nyingine. ASP walipata kura 45,172. Hizbu walipata 31,681 na ZPPP 12,411, jumla yao 44,092. Chama kilichoshindwa kwa viti kilikuwa kimewazidi washindi wote wawili pamoja kwa kura 1,080.

Sababu yake haihitaji kutafutwa katika wizi. ASP walikuwa wakishinda kwa wingi mkubwa mno katika Ng'ambo na katika mashamba ya Unguja yenye watu wengi wa asili ya bara, ambako kura za ziada hazikuongeza kiti. Wapinzani wao walishinda majimbo mengi, hasa ya Pemba, kwa tofauti ndogo. Kura za ASP zilirundikana mahali pamoja. Za wapinzani wao zilitawanyika kwa faida. Huu ni ugonjwa unaofahamika wa mfumo wa Kiingereza wa jimbo moja mjumbe mmoja, na huko Uingereza kwenyewe umepata kutokea: mwaka 1951 chama cha Labour kilipata kura nyingi zaidi kikakosa serikali. Tofauti ni kuwa huko kushindwa kulikuwa na maana ya kungoja uchaguzi mwingine. Zanzibar ilikuwa mlangoni mwa uhuru, na kila mtu alifahamu kwamba atakayekuwa kitini siku Mwingereza atakapoondoka ndiye atakayeirithi nchi.

5. Machafuko yenyewe

Twapaswa kuwa waangalifu katika kueleza mfululizo wa mambo. Machafuko hayakungoja matokeo kutangazwa. Yalianza asubuhi ya siku ya uchaguzi katika vituo vya mjini, pale wafuasi wa ASP walipowatuhumu baadhi ya waliokuwa mstarini kuwa wamekuja kupiga kura isivyo haki na kutaka kuwatoa kwa nguvu. Ngumi zikafuatwa na mawe na magongo. Kutoka mjini habari zilikwenda mashamba pamoja na uvumi, na uvumi ukawa mkali kuliko habari. Kuanzia siku ya pili watu waliwavamia Wamanga katika viduka vyao na katika nyumba zao za upweke mashambani, wakaua, wakapora. Pemba kwa jumla ilitulia. Askari wa King's African Rifles waliletwa kutoka bara, ikatangazwa hali ya hatari, na watu wakaamriwa wasitoke majumbani usiku.

Ukweli kwamba mauaji yalitokea zaidi mashambani Unguja, na kwamba Pemba ilitulia, unaliangusha lile dai la uhasama wa kale wa makabila. Pemba ndiko waliko Waarabu wengi waliochanganyika na wenyeji kwa ndoa na kwa kazi, ambako mwenye shamba na mkulima mara nyingi walilima bega kwa bega. Lau sababu ingekuwa damu na asili, Pemba ingewaka kabla ya Unguja. Palipowaka ni pale ambapo wakulima walikuwa wamefukuzwa katika mashamba na maduka yalikuwa yamesusiwa tangu 1958. Na waliouawa hawakuwa wenye mashamba waliotoa amri za kufukuza. Hao walikuwa mjini, katika nyumba za mawe. Aliyeuawa ni yule aliyekuwa karibu, mwenye duka la sukari na mafuta ya taa.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ilitoa ripoti yake mwaka huo huo, nayo ilitilia mkazo ukali wa maneno ya vyama tangu 1957. Kwa hilo tume ilikuwa na haki. Lakini tume ilikuwa ya serikali ya kikoloni, na haikutazamiwa iulize swali la msingi zaidi: ni nani aliyeuleta mfumo wa kuhesabu ambao ungeweza kumpa mwenye kura chache nchi nzima, akauleta katika jamii ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameigawa kwa makabila katika sensa, katika mgao wa chakula na katika viti vya kuteuliwa vya Baraza?

6. Maneno manne

Sasa tuyageukie maneno, kwani ndiyo yaliyobeba ugomvi huu kutoka jukwaani hadi kijijini. Tutachagua manne tu.

La kwanza ni kura. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ni bahati nasibu: watu wanapogawana urithi au zamu hupiga kura, na kila mmoja huipokea sehemu iliyomwangukia. Anayeshindwa katika kura ya namna hiyo hana wa kumlaumu, kwani hapana aliyechagua. Uchaguzi wa kisiasa ulichukua neno hilo hilo bila ya kuchukua maana yake. Mpiga kura wa 1961 hakuwa akiipokea sehemu yake, alikuwa akiidai. Hata hivyo ilitazamiwa kuwa atayakubali matokeo kwa utulivu ule ule wa anayepokea bahati yake.

La pili ni wengi. Kiswahili kina methali isemayo: wengi wape, usipowapa watajichukulia wenyewe. Methali hii ni sheria ya kale ya utawala wa baraza, nayo haina nafasi ya majimbo ya uchaguzi ndani yake. Kwa mfuasi wa ASP, wengi walikuwa ni watu: kura 45,172. Kwa mfuasi wa Hizbu, wengi walikuwa ni viti 13. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na wote wawili walikuwa wakitumia neno moja. Hapakuwa na neno jingine la kuwatenganisha, na katika pengo hilo kila upande uliuona upande wa pili kuwa mwongo. Lakini twapaswa kuiangalia vizuri sehemu ya pili ya methali hiyo. Ni onyo kwa mwenye kunyima. Si ruhusa ya kumuua muuza duka.

La tatu ni mwenyeji, pamoja na kinyume chake, mgeni. Mwenyeji ni mwenye mji. Katika mila zetu za mwambao mgeni ni mtu wa kuheshimiwa, na ugeni huisha: mtu hukaa, huoa, huzikia watoto wake hapo, akawa mwenyeji. Zama za siasa ziliufanya ugeni kuwa jambo lisiloisha. ASP walisema Mwarabu ni mgeni hata kama babu wa babu yake alizaliwa Unguja. Hizbu walisema mtu wa bara ni mgeni hata kama mama yake ni Mhadimu. Kila upande ulikuwa umefunga mlango ambao lugha yenyewe ilikuwa imeuacha wazi kwa karne nyingi. Kwa maoni yetu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na halikutungwa na sheria yoyote. Lilitungwa na wahariri wa magazeti na wasemaji wa mikutano, ambao wengi wao walikuwa mabingwa wa Kiswahili.

La nne ni ustaarabu. Neno hili limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa kama Mwarabu, na Mswahili alilitumia muda mrefu kwa maana pana ya adabu na maisha ya mjini, bila ya kukumbuka asili yake. Waandishi wa upande wa Hizbu walilitumia kwa fahari kueleza kuwa Zanzibar ni nchi ya ustaarabu wa kale usiojali rangi. Waliowasikiliza upande wa pili walianza kuisikia ile asili iliyokuwa imelala ndani ya neno. Kama ustaarabu ni kuwa kama Mwarabu, basi asiye Mwarabu ni nini? Jibu lilikuwa linajulikana: mshenzi. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kuwaunganisha watu liliwatenga, na msemaji wake huenda asijue kwa nini.

Hatusemi kuwa maneno yaliua. Yaliyoua ni mapanga na magongo mikononi mwa watu. Tunachosema ni kuwa kabla mtu hajamwinulia jirani yake panga ni lazima kwanza ambadilishe jina, na kazi hiyo ya kubadilisha majina ilikuwa imekwisha kufanywa katika miaka minne ya kabla ya Juni 1961.

7. Kutoka Juni 1961 hadi Januari 1964

Mkutano wa katiba uliofanywa London mwaka 1962 ulivunjika bila ya mapatano. Ilikubaliwa kufanywe uchaguzi mwingine kabla ya uhuru, kwa majimbo 31. Uchaguzi huo wa Julai 1963 ulipita kwa amani, lakini ulirudia ugonjwa ule ule kwa ukali zaidi. ASP walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu walipata viti 12 na ZPPP 6, jumla 18. Huko Pemba ASP walipata zaidi ya kura nne katika kila kumi, na viti 2 tu katika 14. Serikali ya Shamte ikaendelea, na tarehe 10 Desemba 1963 ikapokea uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah.

Kwa sisi wa Kenya lipo jambo la kukumbukwa hapa. Oktoba 1963 ni serikali hiyo hiyo ya Shamte iliyopatana na serikali ya Kenya juu ya ukanda wa mwambao wa maili kumi, ambao kwa mkataba ulikuwa milki ya Sultani. Mipaka ya nchi yetu upande wa bahari iliafikiwa, basi, na serikali ambayo uhalali wake ulikuwa ukibishaniwa na zaidi ya nusu ya wapiga kura wake. Waliotaka Mwambao ujitenge walimtegemea Sultani ambaye kiti chake kilikuwa kimebakiwa na muda wa miezi mitatu tu.

Serikali mpya haikufanya juhudi ya kuwavuta waliokuwa wengi kwa kura. Ilianza kuwaondoa kazini polisi wa asili ya bara, watu wenye ujuzi wa silaha, ikawaacha mitaani bila ya kazi. Na mapema Januari ikakipiga marufuku chama cha Umma, ambacho Abdulrahman Mohamed Babu alikuwa amekiunda baada ya kutoka Hizbu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ghala za silaha za Ziwani na Mtoni zilivamiwa. John Okello, mzaliwa wa Uganda, akasikika katika redio. Sultani akakimbia kwa meli. Maelfu ya watu waliuawa au kuhama, na hesabu ya waliokufa ni jambo linalobishaniwa mpaka leo. Aprili mwaka huo huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

8. Hitimisho

Baada ya hapo watu wa Zanzibar hawakupiga kura ya vyama vingi kwa miaka 32. Walipoipiga tena mwaka 1995, mgombea wa Chama cha Mapinduzi alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na ubishi ukaanza pale pale ulipoachiwa. Januari 2001, baada ya uchaguzi mwingine uliopingwa, waandamanaji walipigwa risasi huko Pemba, na watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kuja Shimoni, pwani ya Kenya. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa ukiwa katikati ya kutangazwa matokeo yake. Baina ya matukio hayo lugha ya siasa ya visiwa ilijipatia maneno mengine: muafaka, lililotumika kwa mapatano ya 1999 na 2001, na maridhiano, lililotangulia serikali ya umoja wa kitaifa ya 2010. Haya ni maneno ya watu waliokwisha kujua kuwa hesabu peke yake haiwatoshi. Ni jaribio la kulirudishia neno siasa maana yake ya kale ya kwenda taratibu.

Yako maneno mawili yanayoshindania usiku wa Januari 1964. Wanaousifu huuita mapinduzi. Wanaoulaani huuita mavamizi. Kila neno huja na hukumu yake tayari, hata msikilizaji akajua msemaji ni wa upande gani kabla hajamaliza sentensi. Kwa waliokufa Juni 1961 hali ni mbaya zaidi, kwani wao hawana hata neno la kugombaniwa. Fasihi yetu ya Kiswahili imeandika kwa nguvu juu ya mtumishi na bwana katika Unguja ya kabla ya Mapinduzi. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, inasomwa kwa haki katika vyuo vyetu. Msomaji wa riwaya hiyo hufahamu kwa nini watu waliinuka. Anayefundisha hapana budi aongeze swali la pili: yule muuza duka wa kijijini, ambaye hakuwa mwinyi wala hakuwa na kasri, amewekwa wapi katika hadithi hii?

Mtafiti wa Kiswahili ana kazi hapa ambayo mwenziwe wa idara ya historia hawezi kumfanyia. Magazeti ya zama za siasa, Mwongozi, Afrika Kwetu na mengineyo, ni hazina ya Kiswahili cha hoja na cha matusi pia, na yanastahili kuchambuliwa neno kwa neno, mwaka kwa mwaka, tuone mgeni aligeuka lini kuwa adui na wengi waligeuka lini kuwa viti. Wazee waliousimama mstari wa Juni 1961 wanazidi kupungua. Wakiisha, yatabaki maneno waliyoyatumia, nayo hayatajieleza yenyewe.